Sura ya Kumi na Moja: Tanuri la Bulembia

Kabla Phionah hajashuka kwenye bodaboda, Bwera nzima ilikuwa imeshamhukumu.

Wauza vitunguu wa njia panda ndio waliomwona kwanza. Mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko, mwenzake akamgusa wa tatu, na habari ikapita kwenye meza za nyanya, ikaruka mafungu ya samaki wakavu wa Kasenyi, ikafika mwisho wa soko pikipiki ikiwa bado inatafuta mahali pa kusimama. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wamejaa kutoka pande zote mbili za mpaka, na midomo ilikuwa inatafuta kazi.

"Ni yeye?"

"Si ndiye huyo! Ona alivyokonda."

"Banange, na amevaa gauni zuri. Umemuunguza mtoto wa watu, unavaa gauni!"

"Ulitaka aje uchi?"

Wakacheka. Phionah alisikia kila neno, maana walitaka asikie. Akakaza kitenge kiunoni, akashika njia ya kupanda kwenda kwa Mama Kaswera, mama wa mchumba wake, huku mgongo ukimwasha kwa macho ya watu.

Kwa asiyemjua, Phionah ni binti wa Tabisa wa Bulembia, kule juu Kasese ambako mto unashuka mlimani kwa hasira. Alisoma, akasoma tena, akawa mhandisi, na kazi aliyoichagua iliwashinda hata wapiga soga kuisimulia: alibuni matanuri ya kuyeyushia metali mahali pasipo na uzito, kule angani ambako ukiachia kijiko hakianguki. Watu walimwuliza, kwani huku chini moto umekwisha? Naye hakuchoka kueleza. Chukua shaba, alisema, na risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye betri za gari. Ziyeyushe katika chungu kimoja. Hazipatani. Risasi inazama, shaba inabaki juu, na zikipoa zimepeana mgongo kama mke na mume waliokosana. Lakini pasipo na uzito hakuna cha kuzama wala cha kuelea. Zinapoa zikiwa zimekumbatiana, na hapo unapata metali ambayo huku chini huipati vile.

Kwa kuwa Bulembia haina ngazi ya kwendea angani, yeye na wenzake walitumia shimo la mgodi wa zamani, shimo la wima lililoingia tumboni mwa mlima. Tanuri lilifungwa katika kizimba cha chuma, likapashwa moto juu ya shimo mpaka metali iyeyuke, kisha kizimba kikaachiwa. Muda wote kinapoanguka, kabla hakijapokelewa na mchanga kule chini, kilichomo ndani hakina uzito. Ni kitambo kidogo, pumzi moja tu. Kinatosha kuonyesha kama tanuri linafaa.

Phionah alichora, Hilaire akajenga. Huyo Hilaire alikuwa mtoto wa Butembo aliyevuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Bwera, akasomea uchomeleaji mpaka chuma kikawa kinamtii. Walianza kwa kugombania michoro. Yeye akisema ukuta huu mwembamba mno, Phionah akisema soma vipimo, na katikati ya ugomvi huo siku moja wakajikuta wamenyamaza wote wawili, wanatazamana. Mengine yakafuata. Mbuzi wa mahari wakapelekwa Bulembia kwa ngoma na vigelegele.

Kesho yake tanuri likapasuka.

Halikufika hata shimoni. Lilipasuka palepale juu, Hilaire akiwa ameinama kutoa pini ya ndoano. Metali iliwekwa ikiwa unga ndani ya kopo la chuma lililochomelewa pande zote, ili ikikosa uzito isielee ovyo. Kopo hilo likavimba na kuchanika, na moto ukamvaa Hilaire usoni. Jicho moja madaktari walilitoa. Lililobaki lilibaki tu, haliujui mchana wala usiku.

Tangu siku hiyo Phionah alikuwa na swali moja, anaamka nalo, analala nalo. Kopo lilichanika kutoka ndani kwenda nje. Kitu fulani ndani yake kiligeuka mvuke au hewa, kikatafuta njia, kikaikosa. Kitu gani? Unga wa metali aliukausha yeye mwenyewe hadi ukawa mkavu kama majivu. Wenye mradi hawakuwa na subira ya maswali. Walisimamisha kazi, wakasema mchoro wa kopo ulikuwa na kasoro, na mchoro ulikuwa wake. Wiki iliyokuwa inakuja angeitwa kujieleza, na kila mtu alijua maelezo hayo yangeishia wapi.

"Usiende Bwera," Tabisa alikuwa amemwambia asubuhi, ungo wa maharage mapajani.

"Mama, ni mchumba wangu."

"Alikuwa. Wamekutumia hata salamu? Ngoja wakuite."

"Hawataniita."

"Basi umejijibu. Mimi nilisema mapema, sisi na Wakatoliki wa Kongo..."

"Mama! Mnasema lugha moja. Mnakula bundu moja, ugali uleule wa muhogo."

"Bundu si ndoa," Tabisa akasema, akaendelea kupepeta. Lakini binti alipofika mlangoni alimwita arudi, akamfunga kitenge upya kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

*

Uwanja wa Mama Kaswera ulikuwa umejaa. Huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Hata akitaka kulala atalala katikati ya mazungumzo. Wanawake walikuwa kwenye mikeka wanamenya mihogo, wanaume kwenye mabenchi, redio inaongea peke yake. Na katikati, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kinalalamika chini yake, alikuwa tante Yvette, mdogo wake Mama Kaswera, muuza vitenge, mwanamke aliyeweza kukwambia nani ana mimba kabla mwenye mimba hajajijua.

Phionah alipiga magoti pale pale mlangoni mwa uwanja.

"Wasibire, mama. Wasibire, tante."

Hakuna aliyeitikia. Visu vya mihogo vilisimama. Mama Kaswera, mwembamba, mwenye rozari shingoni, alimtazama kama anavyotazamwa mbwa aliyeingia kanisani, kisha akageuka akaingia jikoni.

"Nani huyo?" Sauti ilitoka barazani. "Mbona mumenyamaza? Nani ameingia?"

"Ni mimi," Phionah akasema.

Hilaire aligeuza uso upesi, lakini aliukosea upande. Alikuwa akimtazama mzee mmoja aliyeshika kikombe. Bandeji nyeupe ilimzunguka macho. Chini yake mashavu yalikuwa yamepata rangi mbili, ya zamani na ya waridi, kama ramani.

"Umekawia," alisema.

"Nilikuja hospitali. Tante Yvette alinizuia mlangoni."

"Nilisikia. Sauti ya tante inafika mpaka Beni."

"Musikie huyu!" Yvette akapiga makofi. "Mie minamulisha kila siku na kijiko, na iko ananitukana!"

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hawakutakiwa kucheka. Phionah alinyanyuka, akapita katikati ya mikeka, miguu ikivutwa isimguse, akakaa kwenye ngazi ya baraza karibu na goti la Hilaire. Hakuthubutu kumshika. Alimtazama. Zamani wakitazamana, yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza, siku zote, na Hilaire akamtania kwa hilo. Sasa angeweza kumtazama mpaka achoke na asishindwe.

"Unanitazama," Hilaire akasema taratibu.

"Umejuaje?"

"Ukinitazama unaacha kupumua."

Phionah akapumua. 

"Unaumwa sana?"

"Usiku ngozi inawasha. Mchana wananiwasha hawa." Akatikisa kichwa kuelekea uwanjani. "Wanakuja kunipa pole, wanaishia kuulizana bei ya kahawa. Wewe je? Unakula?"

"Nakula."

"Mwongo."

Goti lake likasogea kidogo, likagusa bega la Phionah, likabaki hapo. Hayo tu. Lakini Yvette alikuwa na macho ya kutosha watu wawili.

"Eeeh! Dada! Njoo uone! Beko wanagusana hapa! Amemaliza macho, sasa anatafuta nini tena kwa huyu mutoto?"

Mama Kaswera akatoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi na hakujua kwamba anao.

"Simama," alimwambia Phionah.

Phionah akasimama.

"Mie sina maneno mingi. Huyu nilimuzaa na macho mbili. Nilivuka naye mupaka, namubeba ku mugongo, watu wanakimbia, mie naangalia nyuma nione kama angali anapumua. Nikamukomesha mpaka akakuwa mwanaume. Nikakupa wewe. Na wewe ukamutia mu moto."

"Mama, mimi..."

"Acha niseme! Ile kintu yenu haikuwa ya Mungu, na mie nilijua tangu niione." Sasa alikuwa anaongea na uwanja mzima, na uwanja mzima ulikuwa umeacha mihogo. "Siku tulileta mbuzi kwenu, Hilaire alinipeleka kuangalia pale wanatumika kazi yao. Akatoka kwenda kumwita huyu. Mie nikabaki peke yangu na ile kopo, iko wazi juu ya meza, na unga nyekundu ndani kama pilipili. Roho yangu ikakataa. Nikasema, Bikira Maria, mutoto yangu anacheza na hii moto kila siku! Nikafungua sakosi yangu ya mukono, nikatoa maji ya baraka, ile ya Pasaka, padri wetu alibariki kule Butembo. Nikamwanga mule. Chupa yote! Unga ikakunywa, ikanyamaza. Nikafurahi." Sauti ikamkatika, akaivuta tena kwa nguvu. "Na hata vile! Hata na maji ya baraka ndani, ikakula macho ya mutoto. Sasa muniambie nyinyi wote. Kama si shetani, ni nini?"

Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Mzee mwenye kikombe akasema, "Mungu atusaidie." Redio ilikuwa inatangaza mbegu za mahindi.

Phionah hakusikia tena kitu.

Chupa yote. Maji yamenywewa na unga, yamekaa kimya chini, kopo limechomelewa juu yake bila hata tundu la sindano. Kisha moto. Maji yale yakageuka mvuke, mvuke ukataka nafasi mara elfu ya ile uliyokuwa nayo, na nafasi haipo. Swali lililomla usingizi mwezi mzima lilikuwa limejibiwa uwanjani mbele ya maganda ya mihogo, na aliyelijibu hakujua kwamba amejibu.

Akamgeukia Hilaire. Mikono yake, iliyokuwa ikipapasa mkono wa kiti, ilikuwa imesimama. Yeye naye alijua. Mchomeleaji gani asingejua?

"Mama," Hilaire akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kawaida mno. "Miguu imekufa ganzi. Nataka kutembea kidogo nyuma ya nyumba. Phionah atanishika mkono."

"Kamwe!" Yvette akaruka. "Amutumbukize mu choo?"

"Tante, nimekuwa kipofu, sijawa mutoto."

Mama Kaswera alitaka kukataa. Alimtazama mwanawe, akatazama ule mwiko aliougundua mkononi mwake, akaingia nao ndani.

*

Nyuma ya nyumba kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na harufu yake nzito ikafunika ile ya dawa. Phionah alimwongoza hadi ukutani. Hilaire akaegemea.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Chupa yote."

"Hilaire..."

"Mimi ndiye niliyelifunga. Tulirudi wote wawili, tumeshiba, tunacheka, ukaniambia funga sasa. Nikafunga. Ile ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya." Akacheka, kicheko kikamkwaruza Phionah moyoni. "Ningekuwa mlevi siku ile, nikaacha tundu dogo, mvuke ungepata pa kutokea. Ningekuona sasa hivi."

"Na mimi ndiye niliyeliacha wazi. Likitoka kukaushwa linafungwa palepale, mimi mwenyewe niliweka sheria hiyo. Nikasikia vigelegele, wakaja kuniita, mbuzi wamefika na bibi harusi haonekani. Nikavua glavu nikakimbia."

"Ungefanya nini? Mbuzi wapokelewe na nani?"

Halafu kitu kikapanda kifuani mwa Phionah, akakitambua kabla hajaweza kukizuia: furaha.

"Haukuwa mchoro," alisema. "Hilaire, mchoro wangu ulikuwa sawa!"

"Nilijua siku zote."

Aliona haya papo hapo, kwamba anaweza kufurahi mbele ya bandeji ile. Lakini furaha haikuondoka, na nyuma yake ikaja hasira.

"Nitawaambia. Naanza na hawa wa hapa. Wameniita shetani, Hilaire. Dada wa mama yako alinisukuma mlangoni hospitali, nikakaa kwenye majani nje mpaka mvua ikanikuta. Narudi uwanjani sasa hivi, nawaeleza maji yakifungiwa ndani ya chuma yanafanya nini."

"Usiseme."

"Kwa nini nisiseme? Ni kweli!"

"Ndiyo maana usiseme."

"Kwa hiyo mimi nibebe? Mimi? Na wewe uliyemwacha mama yako peke yake na kopo wazi?"

Neno lilitoka na likawa limetoka. Hilaire akalipokea bila kutikisika.

"Nimeshajiambia hilo," akasema. "Nilijiambia pale pale alipotaja chupa. Sikiliza, Phionah. Baba alipokufa mama hakulia. Alinyamaza. Alikaa hali chakula, haongei, mpaka tante Yvette akawa anamfungua kinywa kwa kijiko. Huyo Yvette unayemchukia. Kilichomrudisha ni mimi. Alikuwa na mimi wa kutazama. Leo ukimwambia ni mkono wake, akainua macho anitazame, ataona nini?"

Phionah aligeuza macho kwenye maturubai. Kuku mmoja alikuwa amepanda kwenye turubai anachakura kahawa, na hakuna aliyemfukuza.

"Basi nitanyamaza," akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nitasema ni kosa langu. Nitakuja kuishi hapa, nitakupikia, nitakunyoa ndevu, unaonekana kama mzee wa Katwe aliyesahaulika kwenye mashimo ya chumvi. Mama yako anichukie anavyotaka. Nitavumilia."

Hilaire alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Mwaka utavumilia. Labda hata miwili. Mama atakusema jikoni asubuhi, atakusema jioni, tante atayapeleka sokoni, na wewe utameza. Halafu siku moja mtoto atakuwa analia, kuni ni mbichi, bundu limeharibika, mama atakuambia, wewe uliyemla mwanangu macho. Siku hiyo utasema. Na utalisema kwa namna mbaya kuliko leo."

"Sitasema."

"Phionah."

"Sitasema, Hilaire!"

"Sasa hivi umenirushia mimi, na mimi unanipenda."

Phionah alijijua. Hajawahi kulala na neno, tangu utotoni. Ndicho kilichomfanya mhandisi mzuri, na ndicho Hilaire alichompendea.

"Twende Bulembia, basi. Mbali na hapa."

"Na yeye ana nani? Atanifuata na masufuria yake kichwani."

"Unanifukuza."

"Nakuachia."

"Hayo ni maneno ya redioni. Sema kama mtu. Unanifukuza?"

Hilaire akanyoosha mkono hewani, akaukuta uso wake kwa kubahatisha, vidole vikiwa vigumu kwa makovu. Akapita kwenye paji, kwenye nyusi, akashuka puani, polepole, kama anavyopima ukuta wa tanuri kutafuta ufa.

"Ndiyo," alisema. "Nakufukuza. Na sasa usilie. Nataka kukukumbuka ukiwa mkavu."

Akalia. Hilaire naye, chini ya bandeji, jicho lisilofaa kwa lolote lingine likaonyesha kwamba kwa hilo bado linafaa. Alimvuta, akamwegemeza kifuani, na wakakaa hivyo, harufu ya kahawa ikiwazunguka, upande wa pili wa ukuta watu wakibishana kama supu ina chumvi.

"Na wenye mradi?" aliuliza juu ya nywele zake. "Utawaambia nini?"

"Kwamba unga ulikuwa na maji. Kwamba kopo liliachwa wazi, na aliyeliacha ni mimi. Hilo si uongo. Lazima wajue, ili atakayejenga jingine asifunge kabla hajakausha mara ya pili."

"Watakuondoa."

"Wataniondoa."

"Ulikuwa mchoro mzuri," Hilaire akasema.

*

Phionah alirudi uwanjani peke yake. Hilaire aliomba aachwe ukutani kidogo.

Watu walijiweka sawa kwenye mikeka, maana sura yake ilionyesha kuna jambo. Walitarajia vita. Alipita moja kwa moja hadi mbele ya Mama Kaswera na kupiga magoti, safari hii yote mawili yakagonga ardhi kwa sauti.

"Mama, kosa ni langu. Niliacha kazi yangu wazi, sikuilinda. Mtoto wako ameungua kwa sababu hiyo. Naomba unisamehe."

"Haa! Musikie!" Yvette alikuwa amesimama. "Amekiri! Mbele ya watu! Sasa mbuzi..."

"Yvette, funga kinywa," Mama Kaswera akasema.

Yvette akakifunga, jambo ambalo watu wa Bwera walilisimulia baadaye kuliko hayo mengine yote.

Mama Kaswera akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: alikaa chini, kwenye udongo, mbele yake, wakawa uso kwa uso.

"Mie silali," alisema, kwa sauti ambayo Phionah peke yake aliisikia. "Minajiuliza. Labda sikuomba muzuri. Labda nilimwanga ile maji na mashaka mu roho, ndiyo maana Mungu alikataa kuangalia mutoto yangu. Wewe umesoma. Niambie. Ilikuwa mimi?"

Neno lilikuwa pale. Lilikuwa limekaa ulimini mwa Phionah, limekamilika, la kweli, lingemrudishia jina lake na kazi yake na labda hata mwanaume aliyeachwa ukutani. Mama wa watu alikuwa ameliomba kwa kinywa chake mwenyewe.

"Hapana, mama," Phionah akasema. "Uliomba vizuri."

Mabega ya Mama Kaswera yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akashika kidevu cha Phionah, mkono wake ukiwa na harufu ya vitunguu.

"Basi nimekusamehe," akasema. "Kabisa. Sina kintu na wewe mu roho. Sasa enda kwenu, mutoto yangu. Na usirudi."

"Asante, mama."

Akanyanyuka. Hakuna aliyemrushia neno alipokuwa anapita. Hata miguu ya mikekani haikuvutwa. Alifika kwenye lango la mabati, akalishika, na hapo akageuka.

Hilaire alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba, mkono mmoja unafuata ukuta, mwingine uko mbele yake unaulizia hewa. Alisimama pale ukuta ulipokwisha. Uso wake ulikuwa umeelekea langoni hasa, safari hii haukukosea.

"Mama," aliita. "Ameenda?"

Mama Kaswera alimtazama Phionah aliyesimama pale, mkono kwenye bati, pumzi imemsimama kifuani.

"Ameenda," akajibu.

Phionah akaliachia bati taratibu, lisilie, akaenda.